Mjomba, ni lazima kila ndugu wa loji atamani kukaa kwenye Kiti?

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu, leo imebidi niandike. Mimi ni Frimasoni, na nina miaka kadhaa kwenye loji yangu, yaani kikundi chetu cha Frimasoni. Naomba usiitaje loji wala mahali ilipo, kwa sababu wenzangu nao wanakusoma.

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu mtu akishapata daraja la tatu anapewa kazi ndogo, halafu kila mwaka anasogezwa mbele: Mhudumu, Mlinzi wa Ndani, Shemasi wa Pili, Shemasi wa Kwanza, Msimamizi wa Pili, Msimamizi wa Kwanza, mwisho Masta, yaani mkuu wa loji. Hakuna anayekuuliza kama unataka. Nami nimesogea kwa sababu aliyekuwa mbele yangu amesogea. Sasa hivi ni Shemasi wa Kwanza. Kumsimika Masta mpya kumebaki miezi michache, na ndugu tunayetarajia kumchagua ameshanishika bega akaniambia, "Jiandae, utakaa Kusini." Maana yake nitakuwa Msimamizi wa Pili. Mwaka unaofuata Magharibi, na baada ya hapo Mashariki, kwenye Kiti chenyewe.

Mjomba, sikitaki hicho Kiti.

Afisa wetu wa misaada alipougua, niliombwa nimsaidie kwa muda. Ni kazi ya kufuatilia wagonjwa, wajane na wazee wa loji. Huo muda haujaisha mpaka leo, na sijawahi kufanya kazi yoyote ya loji kwa moyo kama hii. Kuna mama mmoja, mumewe alikuwa ndugu yetu. Marehemu alikuwa akishughulikia kila karatasi ya nyumba peke yake, na alipofariki mama hakujua hata pa kuanzia. Tulikaa mezani siku nzima tukipanga bili na barua kwa kufuata miaka yake, yeye akisoma tarehe, mimi nikipanga. Ndani ya kasha la viatu tukakuta hati ya bima ambayo hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa akiijua. Mama alilia, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Upande wa ukumbini mambo ni tofauti. Kuna kikao nilisimama katikati na fimbo yangu ya ushemasi, mgeni anayepokelewa nimemshika mkono, na neno likanitoka kichwani kabisa. Mzee mmoja alininong'oneza, lakini ule mnong'ono ulisikika ukumbi mzima. Tena mimi ni fundi umeme. Loji yetu ina mawakili, ina madaktari, ina wakurugenzi. Mimi niwaongoze hao kwenda wapi?

Tatizo ni mzee aliyenidhamini kuingia. Nilipomdokezea tu, alibadilika uso. Akasema, "Ndugu asiyetaka Kiti amefuata nini humu? Kila anayeingia mlango huu aingie na nia ya kuongoza siku moja, la sivyo loji itakufa." Ameshakaa kwenye Kiti mara mbili na umri umeshapita sabini na tano. Walio nyuma yangu bado wachanga. Nikijitoa, najua watamrudisha yeye kwa mara ya tatu, na miguu yake sasa hivi ni ya kupanda ngazi kwa kushikiliwa.

Rafiki yangu mwingine wa loji ananiambia nijitoe bila kuangalia nyuma, eti Kiti ni cha wapenda vyeo. Mke wangu kachoka kunisikia nikilalamika usiku, ndiye aliyesema niandike kwako.

Nieleze ukweli, Mjomba. Ni wajibu wa kila ndugu kutamani kuongoza? Mimi ni mwoga tu? Ni kweli kwamba asiyepita kwenye Kiti hubaki nusu Frimasoni? Na huyu mzee nitamwambiaje bila kumvunja moyo?

Ni mimi,
Shemasi Asiyelala

*

Marahaba mpwa wangu,

Kwanza niwatoe njiani wale watakaoniandikia kesho kuuliza wajiunge wapi wapate magari. Loji haigawi utajiri, na anayekuuzia uanachama wa Frimasoni kwa simu ni tapeli. Tuendelee na mwenye shida ya kweli.

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, na linaanzia kwenye hesabu kabla hata hatujafika kwenye falsafa. Kiti ni kimoja. Chukua loji yenye ndugu 60 ambayo humpata Masta mpya kila mwaka bila kurudia mtu. Aliye mwisho wa foleni atakalia Kiti mwaka wa 60, na hapo hatujawahesabu wanaoingia kila mwaka. Kumwambia kila anayeingia kwamba lengo lake ni Kiti ni kuwaahidi wengi kitu ambacho hakipo, kisha kuwaacha wajione wameshindwa kwa kukikosa.

Halafu hiyo foleni yenyewe. Watu wengi wa loji huizungumzia kama sheria, kumbe ni mazoea. Kwenye loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza, Masta huchaguliwa kila mwaka kwa kura ya siri ya wanachama, na Wasimamizi huteuliwa na Masta mpya siku anaposimikwa. Loji nyingi za Marekani huwapigia kura hata Wasimamizi. Kote huko hakuna kifungu kinachosema Shemasi wa mwaka huu ndiye Msimamizi wa mwaka ujao. Kinachotakiwa ni kwamba anayekwenda kwenye Kiti awe amewahi kuwa Msimamizi, ili asijifunzie kazi siku ya kusimikwa. Katiba iliyoandikwa na James Anderson mwaka 1723, miaka sita tu baada ya loji nne za London kuunda Loji Kuu ya kwanza, ile inayozisimamia loji nyingine, ilishasema kwamba Masta na Msimamizi wasichaguliwe kwa ukongwe bali kwa ustahiki wao. Walioianzisha shughuli hii waliliona tatizo la foleni mapema kuliko sisi.

Mimi si adui wa foleni. Nimepita humo mwenyewe na najua faida yake: unajifunza kazi kidogokidogo, na mpaka unafika Mashariki umeshauona ukumbi kutoka kila pembe. Lakini ina maradhi mawili, na barua yako inaonyesha moja tu. La kwanza ni lako, la kumsukuma asiyetaka. La pili ni baya zaidi na halisemwi kwa sauti: foleni humbeba asiyefaa. Mtu anaingia kwenye mstari, kila mwaka anasogea, kila ndugu anaona kwamba huyu hawezi kuendesha hata kikao cha nusu saa, lakini siku ya kura hakuna anayethubutu kumkata kwa sababu "zamu yake imefika". Mwaka wake ukiisha, loji imepoteza ndugu ambao waliacha kuja taratibu bila kuaga. Nimeona loji ikihitaji miaka kujirekebisha baada ya mwaka mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo anayeweza kusimama kabla ya Kusini na kusema "hapa sipo" anaitendea loji wema ambao wengi hawana ujasiri wa kuutenda.

Hata hivyo mzee wako hajaropoka, na sitaki umalize barua hii ukimwona mtu wa zamani asiyeelewa mambo. Ameona kitu halisi. Kila ndugu akisema Kiti si chake, Kiti kinarudi kwa wazee walewale, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule, mpaka loji inageuka kijiwe cha Mamasta wastaafu wanaopokezana kola. Hata kanuni za Uingereza zinazuia mtu mmoja kukaa kwenye Kiti zaidi ya miaka miwili mfululizo bila kibali maalumu, kwa sababu uongozi uliwekwa uzunguke. Na bei ya kujitoa kwako umeshaitaja mwenyewe: miguu ya mzee aliyepita sabini na tano. Mtu akikataa mzigo lazima aangalie unamwangukia nani. Ninachobishana naye ni dawa yake. Loji haiponi kwa kuwataka watu wote watamani kiti kimoja. Inapona ikiwa na watatu au wanne wanaokitaka na wanaokiweza, na wengine wote wakiwa na kazi za kweli za kufanya badala ya kukaa pembeni wakisubiri.

Sasa tuje kwenye woga, maana hapo ndipo barua yako imechanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni kusahau maneno. Ndugu yangu, hilo ni dogo kuliko unavyolidhani. London kuna loji ya mazoezi, ilianza mwaka 1823, ambayo ndugu akifanya sherehe nzima bila kusahihishwa hata neno moja hupewa kiboksi cha viberiti cha fedha. Wangekuwa wanakumbuka wote, nani angehangaika kutengeneza zawadi? Masta anaweza kumwomba Masta wa zamani amfanyie sherehe nzima au kipande chake, na loji nyingi hufanya hivyo bila mtu kukunja uso. Ukikataa Kiti kwa sababu ya kumbukumbu peke yake, utakuwa umekataa kwa sababu dhaifu, na siku moja utagundua hivyo na itakuuma.

Cha pili ni huo ufundi umeme. Hapo nakukatalia kabisa. Theodore Roosevelt alipokea daraja la tatu mwaka 1901 kwenye loji ya mji wake wa Oyster Bay. Baadaye akasimulia mwenyewe kwamba alipokuwa Rais wa Marekani, Masta aliyekuwa juu yake kwenye loji ile alikuwa mtunza bustani wa jirani yake, na kwamba hali ile ilikuwa na manufaa kwao wote wawili. Nje ya ukumbi yule mtu aliendelea na bustani yake na Rais akaendelea na nchi yake. Ndani, mwenye kinyundo cha Masta mkononi alikuwa mtunza bustani. Alama anayovaa Msimamizi wa Kwanza kifuani ni pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, na haikuwekwa pale kwa mapambo. Wakili wa loji yenu akikaa chini ya fundi umeme, hajapungukiwa kitu, na kama anahisi amepungukiwa basi kuna darasa alilala. Usiniletee tena sababu hiyo.

Cha tatu ndicho kikubwa na wewe umekipitia mbio. Jiulize hivi: ungeamka kesho ukute maneno yote ya sherehe yamekaa kichwani, na mawakili wote wanakupigia makofi, ungekitaka Kiti? Jibu likiwa ndiyo, wewe ni mwoga, na woga wa namna hiyo unatibika kwa mazoezi na mwalimu mvumilivu. Kakae Kusini ujifunze. Jibu likiwa bado hapana, hatuzungumzii woga tena.

Mimi siwezi kukujibia, lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nina maoni. Kazi ya Masta si kukariri. Kazi yake ni kujua ratiba ya mwaka mzima kabla mwaka haujaanza. Ni kumkatisha kwa adabu ndugu anayezungumza kwa dakika ishirini kuhusu mapazia. Ni kuamua kati ya watu wawili wazuri wanaotaka vitu viwili visivyopatana, kisha kulala usingizi baada ya mmoja wao kununa. Ni kuona kwamba fulani hajafika vikao viwili na kumtuma mtu. Na nimegundua jambo moja kwa watu wanaokiweza Kiti: muda mrefu kabla hawajakifikia wanakuwa na manung'uniko yao. Chakula cha baada ya kikao kinachelewa, wageni hawapokelewi vizuri, vijana hawafundishwi, ripoti ni ndefu mno. Wanaudhika kwa niaba ya loji. Wewe umeniandikia barua ndefu na hakuna mahali hata pamoja uliposema ungependa kubadilisha nini. Lakini kasha la viatu umelieleza mpaka nimeliona. Hapo moyo wako umeshajitaja wenyewe.

Na usidhani kazi uliyoipenda ni ya kujifichia. Ukiuliza wajane wa loji yenu nani alikuwa Masta mwaka juzi, wengi hawatajua. Watakutajia aliyekuja na kukaa mezani. Mozart aliingia loji Vienna mwezi Desemba 1784 na hakuwahi kuwa Masta wa loji. Alichokuwa nacho alikitoa: muziki wa vikao vyao, muziki wa kuwaomboleza ndugu waliofariki, na mwezi Novemba 1791, wiki chache tu kabla ya kufa kwake, akawaongozea mwenyewe wimbo aliowatungia kwa ufunguzi wa ukumbi wao mpya. Sijawahi kumsikia mtu akimlaumu kwamba hakusogea kwenye foleni.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, yupo Anthony Sayer. Huyu ndiye aliyechaguliwa kuwa Masta Mkuu wa kwanza kabisa pale London mwaka 1717, cheo ambacho juu yake hakuna kingine. Maisha yakamgeuka, akawa mhitaji, akaomba msaada wa Loji Kuu. Miaka ya 1730 tunamkuta akiwa Mlinzi wa Nje wa loji moja ya London, yule anayesimama nje ya mlango na upanga wakati wenzake wamo ndani. Kwenye utaratibu wetu hicho kilikuwa ni kiti kingine tu cha kazi. Mzee wako anaijua hadithi hii, au anapaswa kuijua, na ukifika kwake unaweza kuitumia.

Kuhusu nusu Frimasoni: hapana. Daraja la tatu limekufanya ndugu kamili, na Kiti si daraja la nne. Ila nisikudanganye kwamba hukosi kitu. Aliyewahi kuwa Masta ana hadhi yake. Anaweza kumsimika Masta mwingine, na kwenye mfumo wa Uingereza anaendelea kuwa mjumbe wa Loji Kuu maadamu ni mwanachama hai. Milango hiyo utaiacha imefungwa. Pima kama inakuuma. Kama haikuumi, asikutishe mtu.

Yule rafiki yako anayesema Kiti ni cha wapenda vyeo mwache. Maneno yake ni ya kumtukana kila aliyewahi kuwatumikia, akiwemo mzee wako, na ukijitoa kwa hoja yake utakuwa umejitoa kwa dharau.

Sasa la kufanya, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu muda hauko upande wako.

Usikubali kukaa Kusini huku moyoni umepanga kuruka baadaye. Hilo ndilo kosa ambalo ndugu hawalisahau. Kwa karatasi Msimamizi wa Pili hajaahidi kuwa Masta, lakini loji nzima itapanga miaka yake kwa kukuhesabu. Kujitoa ukiwa Shemasi ni uungwana. Kujitoa ukiwa Msimamizi wa Kwanza, kura ikiwa mlangoni, ni kumtupia mzee yuleyule Kiti bila hata kumpa nafasi ya kujiandaa.

Anza na mzee, kabla hujamwambia Masta mtarajiwa. Akilisikia kwa mtu mwingine ndipo utakapomvunja moyo. Nenda kwake nyumbani, peke yako, msiwe mnaelekea kikaoni wala msiwe mmetoka kikaoni. Usimwambie "sistahili", kwa sababu atatumia saa nzima kukuthibitishia kwamba unastahili na utaondoka umekubali. Usimwambie "nimechoka". Mwambie hivi: "Baba, ulinileta humu nitumike, na nimepata kazi ya kutumika. Naomba loji inipe kazi ya misaada rasmi, na Kusini akae mwingine." Kisha nyamaza. Atanung'unika. Mwache anung'unike, amekutakia mema kwa namna anayoijua yeye. Halafu umtajie lile la miguu yake kwa upole, umwambie hutaki yeye ndiye alipe, na umwombe mawazo: nani kati ya wale walio nyuma yako anaweza kuivishwa? Mtu aliyekaa kwenye Kiti mara mbili ana majibu ya swali hilo kuliko mimi na wewe.

Ndipo uende kwa Masta mtarajiwa, na usiende mikono mitupu. Mpelekee mambo mawili. Moja, uko tayari kubaki Shemasi wa Kwanza mwaka mwingine ikiwa itampa ndugu wa nyuma yako nafasi ya kukomaa. Hakuna aibu kubaki mahali ulipo, kuna loji huwabakiza maofisa wake wote mwaka wa pili kwa makusudi. Pili, unaomba kuteuliwa afisa wa misaada kwa jina lako, si kwa kushikilia nafasi ya mgonjwa, na utamfundisha ndugu mmoja mdogo kazi hiyo ili isiishie kwako. Afisa wa misaada huwa mzuri akikaa miaka mingi, kwa sababu wajane hawapendi kueleza maisha yao upya kila mwaka kwa sura mpya. Hiyo ni hoja ya loji, si ya kwako tu, na Masta mwenye akili ataiona.

Inawezekana akakuomba ukae Kusini mwaka mmoja tu kuziba pengo. Likitokea hilo, kubali kwa sharti moja: ndugu wote wasikie ukumbini kwamba ni kuziba pengo, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Bila hivyo, baada ya miezi sita kila mtu atakuwa amesahau isipokuwa wewe.

Na usiape. Usiseme "kamwe". George Washington aliingia loji mwaka 1752 akiwa kijana wa miaka 20, na alikuja kutajwa kuwa Masta wa loji ya Alexandria mwaka 1788, miaka 36 baadaye. Leo huna manung'uniko yoyote na loji yako. Huenda hao wajane wenyewe ndio watakaokupa siku moja, ukiona loji inavyowasahau, na ukatamani kinyundo ili ubadilishe jambo. Siku hiyo ikifika hutahitaji kumwandikia mtu.

Nenda kwa mzee wiki hii. Wito wa kikao cha kusimika ukishachapwa na jina lako liko Kusini, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa, na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Msalimie mkeo, mwambie Mjomba amemshukuru kwa kukusukuma.

Mjomba